Mguu wa Shemeji Yangu wa Buna

Sisi watu wa Pwani tuna neno moja tunalolitumikisha kupita kiasi: mshipa. Damu inapita kwenye mshipa. Mtu akiteguka kifundo, mshipa umeruka. Mwanamume akipata ngiri, ana mshipa. Ukiamka asubuhi shingo haigeuki, mshipa umelala vibaya. Na mtoto akipooza mguu tunasema mishipa imekatika, kisha tunatafuta mtu wa kumkanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema hivyo hivyo, na diploma yangu ya afya ya jamii ikiwa imetundikwa ukutani, mpaka nilipokwenda Buna.

Buna iko Wajir Kaskazini, kwenye barabara itokayo Wajir mjini kwenda Moyale. Mdogo wangu ameoa huko, na mwaka jana tulikwenda kumtazama mama mkwe wake ambaye alikuwa mgonjwa. Kaka wa mke wake ana duka dogo la unga, sukari na majani ya chai. Mimi na yeye ni rika moja, sote tumeshapita arubaini. Mguu wake wa kulia ni mwembamba kama mkono wa mtoto, na akitembea huinama kidogo, akabana paja kwa kiganja na kulisukuma goti nyuma lisikunjike. Bila mkono huo, anaanguka.

Siku ya pili tumekaa nje ya duka tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia, kikombe kikamponyoka kikammwagikia mguu ule ule. Akapiga kelele, akaushika kwa mikono miwili akauondoa. Nikashangaa. "Kwani shemeji, mguu huo unahisi?"

Akacheka. "Unahisi kila kitu, shemeji. Hata nzi akitua najua. Ila haunisikii."

Kiswahili chetu kinatatanisha hapo, maana kusikia ni kuhisi na kusikia ni kutii pia. Lakini nilimwelewa. Habari za mguu zinamfikia yeye, amri zake haziufikii mguu. Kama mishipa "imekatika", inakuwaje ipitishe upande mmoja tu?

Tuanzie juu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.3 au 1.4. Chini yake unashuka ugwe wa mgongo. Watu wengi huuita uti wa mgongo, lakini uti ni ile mifupa, pingili moja juu ya nyingine. Ugwe ni kamba laini iliyomo ndani ya mfereji wa pingili hizo. Unene wake ni kama kidole chako kidogo, na urefu wake kwa mtu mzima ni sentimita 45 hivi, kwa hiyo haufiki hata kiunoni chini. Neva, yaani mishipa ya fahamu, jozi 12 hutoka kwenye ubongo, na jozi 31 hutoka kwenye ugwe kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni.

Neva si mrija kama mshipa wa damu. Ni fungu la nyuzi, na kila uzi ni mkia wa seli moja. Seli inayokiamuru kidole gumba cha mguu mwili wake umo ndani ya ugwe, mgongoni, na mkia wake unateremka mpaka kwenye unyayo, karibu mita nzima. Habari hupita kwenye mkia huo kwa umeme mdogo sana. Nyuzi zenye kasi zaidi zimevikwa utando wa mafuta, kama waya ulivyovikwa plastiki, na hupitisha habari kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Mwisho wa mkia, pale unapokutana na msuli, pana mwanya mdogo, na hapo ujumbe huvushwa kwa kemikali.

Sasa lile jambo lenyewe. Nyuzi za hisi, zinazoleta habari za moto, baridi, mwiba na mguso, huingia kwenye ugwe kwa upande wa nyuma. Nyuzi za mwendo, zinazopeleka amri kwa misuli, hutokea upande wa mbele. Zikishatoka nje huungana na kusafiri pamoja hadi mguuni, kama magari yaendayo Malindi na yatokayo Malindi yanavyotumia barabara moja. Lakini kwenye ugwe milango yao ni mbali mbali, na ugonjwa unaweza kuharibu mlango mmoja ukauacha mwingine.

Ugonjwa huo ni polio. Kirusi chake huingia kwa mdomo, kwenye maji au mikono iliyoguswa na kinyesi. Huzaana utumboni, na walio wengi hawajui hata kama wameambukizwa. Katika kila watu 200 hivi walioambukizwa, mmoja kirusi humfika kwenye ugwe, na humo huzivamia seli za upande wa mbele, zile za amri. Za nyuma huziacha. Mguu wenyewe hauna kosa: ngozi nzima, mfupa mzima, damu inapita. Aliyekufa ni mwenye kuuamuru. Msuli usiopokea amri hunyauka, na kwa mtoto hata mfupa hubaki nyuma katika kukua. Seli jirani zilizosalimika huchipua matawi mapya zikaichukua baadhi ya misuli iliyoachwa yatima, ndiyo sababu wengine hupata nguvu kidogo katika miezi ya mwanzo. Lakini seli iliyokufa haioti tena. Na zikifa zile zinazoendesha misuli ya pumzi, mgonjwa hufa. Hutokea kwa 5 hadi 10 katika kila 100 waliopooza.

Shemeji aliugua akiwa na miaka miwili. Mama yake hahesabu kwa kalenda. Anasema ilikuwa kiangazi kabla ya mauaji ya Wagalla, kwa hiyo ni 1983. Homa siku tatu, kisha asubuhi moja mguu ukawa umelegea kama kitambaa. Wakamtafuta mzee wa kuchoma kwa chuma cha moto, kama wafugaji wengi walivyotibu na wengine wanavyotibu hata leo. Makovu yapo mpaka sasa, mviringo saba kutoka nyonga hadi gotini.

Mtu mzima akikanyaga kaa la moto, mguu huruka kabla hajajua kimetokea nini. Ugwe wenyewe huamua, haungoji ubongo. Lakini amri hiyo nayo hupitia mlango wa mbele. Mtoto yule moto aliusikia wote, mara saba, na mguu haukuweza kuukimbia. Mzee alipoona hausogei alidhani haumii, akasema ni dalili kwamba umekufa, akaongeza. Shemeji alinieleza haya kwa Kiswahili, sauti ya chini, mama yake amekaa pale pale. Mama Kiswahili hakijui vizuri. Nilipotaka kumuuliza lolote, shemeji akaniwekea mkono begani, nikanyamaza.

Tofauti hii ya kuhisi na kutikisika ni kipimo ambacho hata mzazi anaweza kukitumia. Wengi husema "mtoto alipoozeshwa na sindano", na kweli sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kujeruhi neva kubwa inayopita hapo. Ndiyo maana siku hizi watoto wachanga huchomwa pajani. Lakini neva hiyo ina nyuzi za aina zote mbili, kwa hiyo unyayo mara nyingi hufa ganzi pia. Yapo na maradhi mengine ambayo huuvua ule utando wa mafuta: ulegevu huanza miguu yote miwili, hupanda juu, na wengi hupona taratibu. Kuyatenganisha ni kazi ya daktari na maabara, si yangu wala ya mzee wa chuma.

Polio ya asili ya Kenya ilionekana mara ya mwisho 1984. Ikarudi 2006 katika kambi za Dadaab. Mwaka 2013 ikarudi tena, ikianzia kwa mtoto wa miezi minne huko huko Dadaab, wakapooza watu 14 Kenya na 194 Somalia, na wengine katika eneo la Wasomali la Ethiopia. Dadaab ni mbali na Buna, najua. Lakini ngamia wa Buna wanafuata malisho, watu wanafuata ngamia, na Moyale ni mpakani. Afrika ilitangazwa kuwa huru na kirusi cha asili Agosti 2020. Hata hivyo 2023 kilipatikana Hagadera kirusi kilichotokana na chanjo ya matone, ambacho hupata nguvu ya kuzunguka pale watoto wengi wanapokuwa hawajachanjwa. Jawabu lake ni kuwachanja hao waliobaki. Wanaosema matone yanafunga kizazi, mimi huwaomba wahesabu watoto wa dada zao waliopewa matone hayo.

Ratiba ni matone mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya polio wiki hiyo ya 14. Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, usimkande, usimchome, usimdunge sindano za dukani. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii au mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Watachukua choo chake mara mbili, kwa tofauti ya saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea, na kukipeleka kikiwa kwenye baridi hadi maabara ya KEMRI, Nairobi. Siku hizo zikipita, kirusi huwa vigumu kukipata. Hata kwa anayeishi manyattani, siku mbili kutoka barabarani, siku 14 zinatosha akianza safari mapema.