Muhali Haumtibu Mtoto

Mzazi, mtoto wako amekuja analia. Anasema kuna mtu amemdhalilisha. Utafanya nini?

Mwambie: "Nakuamini. Huna kosa." Usimhoji mara kumi.

Wengi huanza kwa maji. Mtoto huogeshwa, nguo zake hufuliwa. Usifanye hivyo! Maji huondoa ushahidi anaoutafuta daktari. Kama amevua nguo, zitie katika mfuko wa karatasi, uende nazo.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa mwaka 2011. Daktari, polisi na ustawi wa jamii hufanya kazi pamoja, ili mtoto asizungushwe huku na huku. Ipo dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI. Lazima aianze kabla ya saa 72, yaani siku tatu, kupita. Mapema ni bora zaidi.

Siku tatu hizo huliwa na nini? Huliwa na muhali. Aliyetenda ni ami, ni jirani, ni mwalimu. Wazee hukaa barazani, radhi huombwa, fedha hutolewa. Mtoto hakuulizwa, na dawa hakupata.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Wa kiume pia ni mtoto, naye hupatwa na haya.

Uko mbali, Nungwi au Makunduchi? Nenda hospitali au polisi iliyo karibu, na mwambie sheha. Au piga simu 116. Hulipi kitu.