Magari ya zamani ya Marekani: bei inapanda, lakini ukweli wa gari uko wapi?

Mwezi wa Januari 2020, katika muji wa Kissimmee, jimbo la Florida, Ford Mustang moja ya mwaka 1968 iliuzishwa kwa mnada dola milioni 3.4, bila kuhesabu malipo ya wenye mnada. Haikuwa gari la kung'aa hata kidogo. Rangi yake ya kijani ilikuwa imechakaa na kutu ilikuwa imeanza kula karosri. Lakini ndilo gari la filamu Bullitt, lenye kuendeshwa na Steve McQueen, na makaratasi ya kuhakikisha jambo hilo yalikuwepo, pamoja na barua ambayo McQueen mwenyewe aliandika mwaka 1977 akitafuta kulinunua.

Mnada ule unaonyesha kwamba katika biashara ya magari ya zamani, bei kubwa haitoki kwenye rangi mpya. Inatoka kwenye ukweli wa gari. Na ni hapo hapo wauzishaji wengine wanacheza: gari la kawaida linapakwa rangi, linafungwa moteri nyingine, kisha linatangazwa kwa bei ya gari la asili.

Wakongomani wengi wanaishi leo Marekani, na wengine wanapenda magari haya. Hata wale wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi, wenye kununua gari la Japani ao la Dubai kwa kutazama picha katika simu, wanaweza kujifunza kitu hapa.

Gari la misuli ni gari gani?

Waamerika wanaita "gari la misuli" gari la ukubwa wa katikati, la milango miwili, lenye kufungwa moteri kubwa ya V8, kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kulipa. Wengi wanaanza kuhesabu na Pontiac GTO ya mwaka 1964. Pontiac walichukua gari lao la kawaida, Tempest, wakalitia moteri ya lita 6.4. Kisha wakafuata Chevrolet Chevelle SS, Plymouth Road Runner na mengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Bei ya asiransi ilipanda, sheria za moshi zikawa kali, na mwaka 1973 petroli ikakosekana. Wakati wa magari hayo ukaisha.

Hivi, magari yenyewe ya moteri kali ni machache. Mwaka 1967 Chevrolet walitengeneza Camaro zaidi ya 200,000, lakini zile za Z/28 zilikuwa 602 tu. Karosri ni ile ile. Alama, mistari ya rangi, kapo na viti vinauzwa vipya mpaka leo. Mutu mwenye garaji nzuri anaweza kuchukua Camaro ya kawaida na kuigeuza Z/28 kwa macho ya watu. Kwa macho tu.

Maneno ya kusoma polepole

Matangazo yana luga yake, na neno dogo linaweza kugeuza bei yote.

"Kloni" ao "tribyuti" ni gari la kawaida lililovalishwa nguo ya gari la bei. Muuzishaji akilisema wazi, hakuna kosa. Shida inakuja neno hilo likifichwa chini kabisa ya tangazo, wakati juu, kwa herufi kubwa, mumeandikwa jina la gari la asili.

"Restomodi" ni gari lenye sura ya zamani lakini moyo mupya: moteri ya kisasa, freni za diski, klimatizeri. Mara nyingi wanafunga moteri za General Motors za aina ya LS, zilizoanza na Corvette ya mwaka 1997. Gari kama hilo linaweza kuwa zuri kuendesha kupita la asili. Lakini si la asili tena.

"Namba zinapatana" maana yake moteri iliyo ndani ndiyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Wengine wanaandika maneno haya wakimaanisha tu kwamba moteri ni ya aina ile ile. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tena, magari mengi katika maduka hayo si ya duka. Mwenye gari ameliweka pale ili liuzwe, na duka linapata komisyo. Ndiyo maana tangazo linasema "mwenyewe anasema moteri ni mupya". Kwa maneno hayo duka linajitoa katika mzigo: kama ni uongo, ni mwenyewe aliyesema.

Namba ya shasi inasema nini?

Magari yote ya Marekani ya kuanzia 1981 yana namba ya alama 17. Yale ya mbele yake yana namba fupi, na huduma za intaneti zenye kuonyesha historia ya gari kwa namba hazisaidii juu yake. Inabaki kusoma namba yenyewe na makaratasi.

Kwa Plymouth na Dodge za mwaka 1970 na 1971, alama ya tano inaonyesha moteri. Herufi R ni ile Hemi kubwa ya lita 7. Kwa Pontiac GTO ya kutoka 1966 mpaka 1971, namba inaanza na 242. Lakini GTO ya 1964 na 1965 ilikuwa bado ni nyongeza juu ya gari lingine, kwa hiyo namba peke yake haihakikishi kitu. Camaro ya kutoka 1967 mpaka 1969 inaonyesha kama ni ya silinda 6 ao V8, basi. Haisemi kama ni Z/28.

Hapo ndipo makaratasi ya kiwanda yanaingia. Kampuni ya PHS inauzisha kopi za makaratasi ya Pontiac. Marti Auto Works inafanya vile kwa Ford za kuanzia 1967. Mununuzi anatoa pesa kidogo na anajua ukweli mbele ya kutoa nyingi.

Kuna pia tarehe zilizotiwa katika chuma cha moteri. Bloki iliyotengenezwa kisha gari kutoka kiwandani haiwezi kuwa moteri yake ya kwanza, hata namba iliyogongwa juu yake ipatane namna gani.

Juu ya nini bei inapanda hivyo?

Mwenye kubadilisha gari anatumia pesa nyingi: penture, moteri, viti, na kazi ya masaa mengi. Kisha anataka kurudishiwa yote, na duka linaongeza komisyo yake. Lakini soko halilipi fakture za mutu. Kila kitu alichochagua ni kwa tamaa yake, na mununuzi mwingine hapendi rims zile wala rangi ile. Ndiyo maana gari linakaa katika tangazo mwezi kwa mwezi. Bei iliyoandikwa ni bei ya kuombwa tu. Bei ya kweli ni ile ambayo magari ya namna moja yamelipiwa katika minada, na minada mingi inatangaza matokeo yake.

Mbele ya kutoa makuta

Picha za juu hazitoshi. Mununuzi aombe picha za chini: sakafu, shasi, ndani ya bute. Sumaku inasaidia pia, juu hainate mahali penye mastiki nyingi. Moteri iwashwe ikiwa baridi. Na mekanisiye wa kukagua achaguliwe na mununuzi, si na duka.

Sheria ya Marekani inaomba duka la magari yaliyotumika libandike karatasi katika dirisha la gari, kuonyesha kama kuna garanti ao gari linauzwa "jinsi lilivyo". Katika majimbo mengi, "jinsi lilivyo" ni kusema kwamba gari likiharibika kesho, ni shida ya aliyenunua. Karatasi hiyo hiyo inashauri kwamba ahadi za mdomo ziandikwe. Muuzishaji mwenye kusema "moteri ni ya asili" aandike hivyo katika fakture na atie sahihi. Akikataa kuandika, amekwisha kujibu.

Kwa gari la Japani ni vile vile. Namba yake ya shasi ni fupi pia, na cheti chake cha kutoka inchini kinaonyesha kilometa. Kama kompteri inaonyesha kilometa chache kupita cheti, mununuzi aamini cheti, na azungumze bei upya ao atafute gari lingine.