Kutendua na Kutenda Upya Katika Programu za Muziki

Msuka mikeka wa Kilwa au Lindi akigundua kwamba mwaa mmoja wa ukili wake umepita pasipostahili, hana budi kufumua. Naye hufumua kwa utaratibu mmoja tu: mwaa uliosukwa mwisho hutangulia kutolewa, mpaka kosa lifikiwe. Kanuni hiyohiyo hutawala programu za kompyuta zitumikazo kutengenezea muziki.

Zamani kosa la studio halikufumulika kwa urahisi. Nyimbo za Kilwa Jazz, bendi ya Dar es Salaam iliyoongozwa na Ahmed Kipande, zilinaswa katika enzi ya utepe wa sumaku. Utepe ukienda kwa mwendo wa sentimeta 38 kwa sekunde, kuondoa sekunde 2 za wimbo kulimaanisha kukata kwa wembe sentimeta 76 na kuunganisha ncha zilizobaki. Aidha, sauti mpya iliponaswa juu ya ile ya awali, ya awali ilifutika.

Kompyuta hutenda vingine. Hupima mawimbi ya sauti na kuyaandika kwa tarakimu. Kwa kiwango cha diski za CD, vipimo 44,100 kila sekunde katika kila mkondo. Tuseme mwanafunzi wa Kilwa Kivinje amenasa wimbo wa bibi yake wa dakika 3. Kwa mikondo miwili, na baiti 2 kwa kila kipimo, sauti hiyo ni baiti 31,752,000. Mwanafunzi anataka kuondoa kikohozi kilichopo kati ya sekunde ya 40 na ya 42. Programu nyingi haziigusi sauti yenyewe, bali huandika agizo: ufikapo sekunde ya 40, ruka hadi ya 42. Agizo hilo huhitaji baiti chache tu. Wimbo unapochezwa, programu husoma maagizo na kuyatekeleza papo hapo. Msikilizaji hasikii kikohozi, ilhali kingalipo.

Maagizo hayo hurundikwa moja juu ya jingine. Ukiamuru kutendua, agizo la juu huhamishiwa rundo la pili. Ukiamuru kutenda upya, hurejeshwa. Lakini ukitendua hatua tatu kisha ukafanya badiliko jipya, kwa kawaida rundo la pili hufutwa. Sababu ni dhahiri: maagizo yale yalitungwa kwa wimbo uliokuwa katika hali nyingine, na huenda sekunde ya 40 sasa ni mahali pengine kabisa.

Hatari kubwa zaidi ni kufunga kazi. Katika Audacity, programu isiyolipiwa iliyotolewa mwaka 2000, historia ya kutendua hupotea kazi ikifungwa. Mwanafunzi wetu akifuta ubeti wa mwisho kwa bahati mbaya, akahifadhi na kufunga, hakuna kitufe kitakachourudisha. Na pengine bibi hataweza kuimba tena. Kwa hiyo, kabla ya kugusa lolote, na anakili faili ya asili, aiweke katika chombo kingine, na kufanyia kazi nakala.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani bila kompyuta. Wanafunzi waandike maagizo matano kwenye vipande vya karatasi, wavirundike, kisha watendue mawili na kuongeza jipya moja. Waulizwe: yale mawili yakirejeshwa sasa, yatakuwa na maana ileile?