Kulenga na Kutwaa: Uteuzi wa Zana katika Mazingira Pepe

Mtu avaapo kifaa kifunikacho macho, kompyuta ikamwonyesha mahali pasipokuwapo, hujiona yumo humo. Na akitaka kukata au kupaka rangi kitu kilichomo, sharti kwanza ateue zana. Sanduku la zana la kweli hana. Mkononi mwake mna kishikizo chenye vitufe tu, nacho hugeuka msumeno au brashi kwa kadiri ya uteuzi wake.

Njia za kuteua ni kadha wa kadha. Iliyo karibu na desturi ni kunyoosha mkono na kushika; lakini mkono haufiki mbali, ndipo Ivan Poupyrev na wenzake, mwaka 1996, walipoeleza mkono pepe unaorefuka kuupita wa kweli mara uvukapo theluthi mbili za urefu wake. Njia nyingine ni mwale utokao katika kishikizo, kama wa tochi, ukaiangukia zana.

Katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, neno lililozoeleka kwa haya yote ni "chagua". Neno hili si baya, ila ni la moyoni zaidi kuliko la mkononi: mtu aweza kuchagua naye amekaa kimya. Zaidi ya hayo, linaficha kwamba matendo ni mawili. Kwanza mtu huelekeza mwale. Kisha hubonyeza kitufe. Doug Bowman na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba kule kubonyeza kwenyewe huutikisa mkono, mwale ukahama, ikapatikana zana isiyokusudiwa. Kosa hilo wakalipa jina la Heisenberg, mwanafizikia wa Ujerumani. Mwenye neno moja tu atalielezaje? Atasema mtu "alichagua hii, akachagua ile", na msikilizaji atadhani kwamba alibadili nia.

Mpiga bunduki hana shida hiyo, maana kwake kulenga ni mbali na kufyatua. Basi tendo la kwanza na liitwe kulenga, na la pili kutwaa. Kutwaa kuna harufu ya kunyang'anya, ni kweli. Hata hivyo ni afadhali kuliko kuthibitisha, neno la hati na ushahidi.

Palipo na glavu zinazohisi vidole, ambapo kila kidole huwa na zana yake na mtu hukigusisha na gumba, kulenga hakupo kabisa. Hapo kutwaa peke yake kwatosha.