Betri Imefura Ka Ndazi

Oya wanangu wa mji kasoro bahari, sikieni hii. Geto langu liko Mazimbu, Morogoro, bati tupu bila dari. Desemba ikiingia, mle ndani ni tanuri. Laptop yangu, used ya bei chee niliyoivuta bumu lilipotoka, ilikuwa inalala juu ya godoro, imechomekwa tangu asubuhi. Mimi naenda kupiga misele, nikirudi inasoma mia. Roho kwatu. Mpaka siku ile sehemu ya kusogezea mausi ilipoanza kunyanyuka yenyewe. Mshkaji wa Nairobi ninayepanga naye akaitupia jicho: "Budaa, hii kitu imefura ka ndazi! Itoe hapo kabla ituwashe."

Mbio kwa fundi. Fundi mwenyewe mzee wa maneno, huku anafungua skrubu ananipa shule.

Ndani ya betri ya lithiamu, anasema, kuna pande mbili. Upande mmoja una kobalti, mwingine kinywe, ule weusi unaoandika kwenye penseli. Ukichaji, lithiamu inahama kobalti na kujibana katikati ya tabaka za kinywe. Ukitumia, inarudi ilikotoka. Chukulia Hiace ya kwenda Msamvu: ikiwa nusu, abiria wanapumua. Ikisoma mia, kila seli imegonga kama volti 4.2, watu wamebanana hadi mlangoni. Sasa ipaki hiyo Hiace juani saa saba mchana, kila siku, miezi sita. Ndicho nilichokuwa nafanya. Joto na mia ya kudumu vinauchakaza umajimaji wa ndani, unaanza kutoa gesi, pakiti inavimba. Na umajimaji wenyewe unawaka kinoma. Ukiitoboa kwa bisibisi ili "itoe upepo", kama wanavyofanya masela fulani wa kitaa, pande mbili zinagusana na moto unajianzisha wenyewe.

Usione ni mambo ya uswazi tu. Mwaka 2006 Dell waliziita betri milioni 4.1 zirudi kwao. Seli zilikuwa za Sony, haohao walioleta betri za lithiamu sokoni mwaka 1991, na kisa kilikuwa vipande vidogo vya chuma vilivyojipenyeza ndani.

Kilichoniuma zaidi ni ile sheria ya wahenga wa kitaa: ikiwa mpya ichaji masaa nane, halafu itumie mpaka izime. Hiyo ilikuwa ya betri za nikeli za enzi za madingi zetu. Lithiamu ukiikausha mpaka sifuri kila siku unaizeesha. Nyingi za laptop zinapiga mizunguko 300 hadi 500 kabla hazijachoka, na ukitumia nusu mara mbili umehesabiwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo kuchaji kidogokidogo hakuna kesi. Laptop kibao zina sehemu ya kuizuia chaji isivuke themanini. Washa hiyo kitu, mwana.

Halafu kuna hii inayonichekesha. Kinywe kimejaa kule Mahenge, Ulanga, mkoa wetu huuhuu, na serikali ina hisa 16% kwenye kampuni ya Faru Graphite. Kobalti nayo inatoka Congo, na malori ya mzigo wa Congo yanaunguruma hapo Msamvu yakishuka bandari ya Dar. Malighafi ziko puani mwetu, betri zinatengenezwa ng'ambo, kisha sisi tunauziwa used zilizochoka.

Fundi akaitoa ile ndazi taratibu, akaizika kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya kibanda. Jalalani haitupwi: ikibanwa kwenye lori la taka, inawasha lori zima.

Betri mpya imenitoboa mfuko. Laptop sasa inaishia themanini, inakaa mezani karibu na dirisha, upepo wa Uluguru unaipuliza jioni. Wikiendi nilipanda nayo mlimani Morningside kumalizia desa, ikakaa poa kama ipo kwenye friji. Mshkaji wa Nairobi bado ananiita Ndazi.