"Sisi, Arusha, 1966": Picha za Familia na Lugha ya Kumbukumbu Katika Karatu na Ngorongoro



Naomba kuanza na picha moja ndogo, isiyozidi ukubwa wa kiganja, niliyoikuta ndani ya sanduku la bati la mama yangu alipofariki mwaka 2004. Ni picha nyeusi na nyeupe. Ndani yake wamo watu wanne. Baba amesimama akiwa amevaa koti. Mama ameketi kitini. Mimi nimesimamishwa juu ya kigoda, nikiwa na umri wa miaka sita. Na kushoto, karibu na ukingo wa picha, amesimama msichana wa miaka kumi na minne hivi, mikono yake ameishikanisha mbele. Nyuma yetu limetundikwa pazia lililochorwa bahari na minazi. Mgongoni mwa picha, baba yangu, aliyekuwa karani katika shamba la kahawa huko Oldeani, ameandika kwa wino maneno mawili na mwaka: "Sisi, Arusha, 1966."

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba "sisi" ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza wingi, na kwamba maana yake haimo ndani ya neno lenyewe bali hutegemea ni nani anayelitamka, wapi na mbele ya nani. Sikuwahi kuhisi uzito wa kanuni hiyo mpaka siku nilipoigeuza picha ile. Zipo lugha, kama vile Kimalei, zenye neno moja la "sisi pamoja nawe" na jingine la "sisi bila wewe". Kiswahili hakina mgawanyo huo, na hata kingekuwa nao usingenifaa kitu, kwa sababu swali langu lilikuwa jingine: je, msichana yule wa ukingoni alikuwamo katika "sisi" ya baba? Aliyeandika alikwishafariki. Neno lilibaki, mwenye neno hayupo.

Hoja ya mhadhara huu inatokana na swali hilo. Tumezoea kusema kwamba picha huhifadhi kumbukumbu. Mimi ninaona kwamba picha huhifadhi sura tu, na kwamba kumbukumbu hukaa katika maneno yanayosemwa juu ya picha: maandishi ya mgongoni, majibu ya bibi kwa mjukuu, ubishi wa ndugu wawili kuhusu mwaka wa harusi. Maneno hayo ni matini za Kiswahili kama zilivyo methali na hadithi tulizozikusanya kwa bidii, lakini hatujayakusanya.

Kupiga na kupigwa

Tuanze na lugha ya jambo lenyewe. Kabla ya neno "picha", lililotoka katika Kiingereza, kuenea, Kiswahili kilitumia "sanamu", neno lenye asili ya Kiarabu, kwa mchoro na kwa umbo lililochongwa vilevile. Ndugu zetu wa Kongo husema "foto", kwa kuwa mlango wao ulikuwa Kifaransa. Kwa upande wa kitenzi, hatukukopa. Tulichukua "piga", kitenzi chetu kinachobeba kila mzigo, kinachopiga simu, pasi, kura na chapa, tukakipa pia kazi ya kamera.

Jambo la kuvutia ni mwelekeo wa kitenzi hicho. Mtu anaposema "Nilipiga picha Arusha", msikilizaji hana uhakika kama msemaji alishika kamera au alisimama mbele yake. Katika mazungumzo ya nyumbani, kwa kadiri nilivyosikia Karatu na kwingineko, maana ya pili ndiyo inayotawala. "Tulikwenda kupiga picha" maana yake tulioga, tukavaa, tukapanda lori, tukalipa, tukasimama. Mpiga picha mwenye studio yake hatajwi kabisa, kama vile kinyozi asivyotajwa tunaposema tumenyoa nywele. Sarufi inamfanya anayeonekana katika picha kuwa mtenda.

Linganisha na sentensi mbili nyingine: "Alitupiga picha" na "Tulipigwa picha". Hapa kiambishi cha mtendwa au kauli ya kutendwa hubadilisha uhusiano mzima. Yupo mtu mwingine aliyetaka picha hiyo, na yawezekana ameondoka nayo.

Tofauti hii inatusaidia kuamua ni picha ipi iitwe halisi. Wapo wanaoamini kwamba picha halisi ni ile inayochukuliwa mtu akiwa hana habari, na kwamba pazia la studio, kiti cha kuazima na mkao wa kupangwa ni uongo. Sikubaliani nao. Shangazi yangu alinieleza kwamba koti alilovaa baba lilikuwa la mpiga picha, likining'inia msumarini kwa ajili ya wateja wote. Na bahari ile baba hakuwa ameiona. Lakini mkao ule aliuchagua mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyotaka kuonekana na watoto wa watoto wake. Studio za Afrika Mashariki zote zilifanya kazi hiyo, tangu Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930 hadi vibanda vya wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, ambavyo Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, amevichunguza. Koti ni la kuazima; nia ni ya mwenyewe.

Wanaopigwa sana

Kutoka Karatu barabara hupanda hadi lango la Hifadhi ya Ngorongoro, huzunguka ukingo wa kreta, kisha huteremka kuelekea Serengeti. Msafiri huweza kuwaona kando yake vijana wa Kimaasai waliotahiriwa karibuni, wamevaa nguo nyeusi, nyuso zimepakwa rangi nyeupe. Magari husimama, kamera hutolewa, fedha kidogo hubadilishana mikono. Siwalaumu vijana wala wageni. Ninaloliuliza ni hili: picha hizo ziko wapi? Ziko katika majumba ya Ulaya na Marekani, chini yake pameandikwa jina la kabila na jina la mahali. Jina la kijana halimo. Na mama yake kijana huyo pengine hana hata picha moja ya mwanawe katika kipindi hicho kisichorudi. Watu waliopigwa picha sana wanaweza kuwa ndio wenye picha chache za kwao wenyewe.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi ambayo watu wake wamehama mara nyingi. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959, Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walitakiwa kuhamia upande wa Ngorongoro. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakikaa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1979 eneo likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 2022 kaya zimekuwa zikihamishwa kutoka hifadhini kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, na mabishano yaliyofuata mnayajua. Si kazi ya mhadhara huu kuyaamua. Ila anayehama huacha nyuma makaburi, mti wa mkutano na kilima alichokitumia kueleza alikozaliwa. Kwa familia ya namna hiyo, picha ambayo nyuma ya mtoto panaonekana boma ni hati. Nayo ni hati pale tu mtu anapoweza kusema: boma hili ni la nani.

Ngorongoro hiyo hiyo imetupatia mfano mkali wa alama isiyo na maneno. Mwaka 1978, huko Laetoli, watafiti wa kundi la Mary Leakey walikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zinakwenda pamoja, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Wachoraji wengi wamependa kuwachora kama baba, mama na mtoto. Yawezekana. Hakuna wa kumuuliza.

Neno "hapa"

Mwaka 2009 nilikaa na shangazi yangu kwa siku tatu, kinasasauti kikiwa mezani na sanduku la bati likiwa wazi. Picha zilikuwa thelathini na moja, na kumi na mbili tu ndizo zilizokuwa na maandishi. Shangazi alizungumza Kiiraqw alipokuwa nami peke yangu, na Kiswahili kila walipoingia wajukuu wake, ambao Kiiraqw chao ni cha kusikia zaidi kuliko kusema. Nitataja mambo mawili tu niliyoyaona katika kanda zile.

La kwanza ni neno "hapa". Katika sarufi zetu hapa ni mahali. Mbele ya picha huwa ni wakati. "Hapa baba yako hajaanza kuumwa." "Hapa nina mimba ya kaka yako." "Hapa tunakwenda kipaimara." Tazama vilevile njeo: matukio ya miaka arubaini nyuma yanasimuliwa kwa wakati uliopo, kwa sababu kidole cha msimulizi kimekaa juu yake.

La pili ni vioneshi. Kiswahili kina ngazi tatu: huyu, huyo, yule. Kiiraqw, kama sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993 inavyoonesha, kina ngazi nne. Shangazi alipoigusa picha ile ya mwaka 1966, kidole chake kilihama kutoka uso hadi uso kwa umbali usiofikia upana wa ukucha. Hata hivyo, kwa baba yangu alisema "yule", kwa mama, "yule", kwangu, "huyu". Umbali haukuwa katika karatasi. Alikuwa akiwapanga watu kwa kipimo ambacho kamera haina: nani bado tuko naye, nani ametangulia. Mtu akiandika orodha ya majina bila kurekodi sauti, mpango huo wote hupotea.

Hapana budi niongeze tahadhari moja. Tusidhani kwamba kila jamii inataka majina yaandikwe. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905, alieleza desturi ya Wamaasai ya kutolitamka jina la aliyefariki, na wazee kadhaa wa upande wa Ngorongoro nilioongea nao waliishika desturi hiyo kwa viwango tofauti. Mkusanyaji anayeshika kalamu na kudai jina la marehemu mbele ya watoto wake ataumiza watu. Katika nyumba za namna hiyo mtu hutajwa kwa mzunguko: baba wa fulani, mwenye ng'ombe wa rangi fulani. Maelezo hayo ndiyo yaandikwe, kama wenyewe wameridhia, nayo kwa mwanaisimu ni hazina kuliko jina tupu.

Mgongo wa picha

Kuhusu utunzaji nitasema machache, maana wako mafundi wanaojua kuliko mimi. Ukungu wa nyanda za juu za Karatu na vumbi lake jekundu ni maadui wawili wanaopokezana zamu. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hufifia upesi kuliko nyingi za zamani zisizo na rangi, hasa zikitundikwa penye mwanga. Albamu zenye kurasa za gundi, zilizokuwa fahari ya sebule nyingi, hung'ang'ania karatasi na kuiharibu. Mgongoni iandikwe penseli laini, bila kukandamiza.

Tatizo la leo ni jipya zaidi. Picha ya simu haina mgongo. Tunapiga picha mia katika harusi moja, tunazitumiana kwa WhatsApp, ambayo huzipunguza ubora na kuziondolea taarifa za siku na mahali, kisha simu inaanguka majini au inaibwa. Jina la picha hiyo ni mfululizo wa tarakimu. Baba yangu, kwa picha yake moja na neno lake moja lenye utata, alituachia zaidi ya hapo. Kwa wanafunzi wangu nimeweka zoezi: kila mmoja achague picha kumi za nyumbani kwao, akae na mzee mmoja, arekodi kila kinachosemwa, na anukuu maneno kama yalivyotamkwa, pamoja na kuchanganya lugha. Baadhi wamerudi wakisema mzee alifariki wiki kabla ya safari. Zoezi hilo sasa tunalifanya mwaka wa kwanza.

Nirudi kwa msichana wa ukingoni. Nilimwuliza shangazi ni nani. Alisema alikuwa mtoto wa Kidatoga kutoka upande wa ziwa Eyasi, aliyeletwa kwetu katika ukame wa mwaka 1961, ng'ombe wa kwao walipokwisha. Alikuja kwa miezi michache akakaa miaka saba. Watu wa shamba, waliokuwa wa makabila mengi na lugha yao ya pamoja Kiswahili, walimwita Mgeni, na jina hilo likashika hata nyumbani. Jina la kwao shangazi hakulijua. "Huyu aliolewa Mang'ola," alisema, "kisha hatukusikia habari zake." Nilirudia kuisikiliza kanda mara kadhaa ili nihakikishe. Alisema "huyu".

Chini ya mwandiko wa baba nimeongeza kwa penseli, kutoka kushoto kwenda kulia: Mgeni, aliyekaa kwetu 1961–1968, jina la kwao halijulikani, mama, mimi, baba. Nakala nimempa jamaa yetu anayefanya biashara ya vitunguu huko Mang'ola, aioneshe kwa wazee siku za mnada.