Je, Wajua? Mitambo ya Kujenga Programu: Inayopayuka na Inayonyamaza

Je, wajua kuwa Make, mama wa mitambo ya kujenga programu, ilizaliwa kwa sababu mtu alipoteza asubuhi nzima akisaka kosa alilokwisha kulirekebisha? Ilikuwa Aprili 1976, Bell Labs, Marekani. Steve Johnson aliingia ofisini kwa Stuart Feldman akilaani: msimbo alikuwa ameusahihisha, ila faili halikutafsiriwa upya kwa lugha ya mashine, kwa hiyo muda wote alikuwa akiendesha programu ya zamani. Feldman akaiandika Make mwisho wa wiki hiyohiyo. Kazi yake ni kutazama saa: chanzo kikiwa kimeguswa baada ya zao lake, hujenga upya, la sivyo hupita. Mwaka 2003 ilimpatia tuzo ya ACM, chama cha wanakompyuta.

Na ile sheria ya kuanza kila mstari wa amri kwa tabo, ambayo hadi leo huwaliza wanafunzi? Feldman aliona mapema kuwa ni kero, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili na hakutaka kuwavurugia kazi. Huruma yake kwa hao wachache tunailipa sisi.

Je, wajua kuwa Unix, mfumo endeshi ambamo Make ilizaliwa, ilikulia kwenye mashine ya Teletype Model 33, iliyochapa herufi 10 tu kwa sekunde, juu ya karatasi? Hapo kila neno la ziada lilikuwa gharama. Ndiyo maana programu nyingi za Unix zikifanikiwa hazisemi kitu. Make ilikwenda kinyume: huchapisha kila amri kabla ya kuitekeleza, isipokuwa ukiitangulizia amri hiyo alama ya @, au ukiinyamazisha yote kwa -s.

Enzi hizo amri ilikuwa fupi. Siku hizi amri moja ya kutafsiri faili la C++ yaweza kujaza nusu ya skrini, na onyo la maana likazama humo bila mtu kuliona. Ndiyo maana ukijenga kiini cha Linux unaona herufi CC na jina la faili, basi. Ukitaka amri kamili, ongeza V=1. Ukiweka V=2, utaambiwa kwa nini kila faili linajengwa upya; hiyo kwangu ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote, na wachache huiomba.

Je, wajua kuwa Ninja, mtambo mwingine wa kujenga programu, iliandikwa na Evan Martin alipokuwa Google, akichoshwa na mradi wa Chrome wenye mafaili zaidi ya 30,000? Make ilichukua sekunde kama kumi kabla hata ya kuanza kazi. Kwenye skrini, Ninja huonyesha mstari mmoja tu unaojiandika juu yake wenyewe. Kazi ikishindikana, hutoa amri nzima pamoja na malalamiko yake. Tena hushikilia maneno ya kila kazi hadi imalizike, ili kazi zinazokwenda sambamba zisichanganye sauti. GNU Make ilipata uwezo huo mwaka 2013 tu, katika toleo la 4.0, na hadi leo lazima uuombe kwa -O.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Sera ya Debian, mfumo mmojawapo wa Linux, inataka ujenzi wa vifurushi vyake useme kadiri inavyofaa. Hilo lina faida: ipo programu iitwayo blhc inayosoma kumbukumbu za ujenzi kuhakikisha vibendera vya usalama vilitumika kweli. Ukificha amri, haina cha kukagua.

Suluhisho la kiungwana lipo tangu zamani: hati ya configure, inayokagua kompyuta yako kabla ya ujenzi, hukuonyesha mistari mifupi ya ukaguzi, huku undani wote ukienda kimyakimya kwenye faili la config.log. Skrini ni ya binadamu, faili ni la mpelelezi. Sioni kwa nini mitambo mipya isifanye hivyo.

Basi ujenzi ukikugomea, usitume kwa fundi picha ya mstari wa mwisho. Rudia kwa V=1 kama ni kiini cha Linux, kwa VERBOSE=1 kama unatumia CMake, au kwa -v kama ni Ninja, kisha mpe amri iliyoshindikana na kosa la kwanza; yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.